Mtani Aliyewahi Msiba

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, maana hii ya kwanza nimeitoa nikiwa nimeinamisha uso, na salamu ya mtu aliyeinama huishia kifuani mwake mwenyewe. Vipi mguu? Dada Mwajuma aliniambia umevimba tangu yale maji yalipoingia mpaka jikoni, na kwamba kwenda Kibiti kutibiwa hutaki kwa sababu ukipanda boti unatapika. Nenda, mama. Tapika, ufike. Vipi kuku wako, vipi paa la upande wa baharini, vipi mjomba Bakari na kile kikohozi chake cha kujidai? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nashinda nikifunga magando ya kaa kama kawaida. Uso tu ndio sina.

Lile swali lako la siku zote, la lini nakuja, nimelisikia hata kabla hujaliuliza. Nitalijibu huko chini. Nina sababu ya kulingojesha.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu ndiyo iliyonitia aibuni na sitaki kuipa kazi nyingine. Yuko bwana mmoja wa Dar anayeleta kaa wa kwetu huku Thailandi. Amekubali kuibeba barua mpaka kwenye basi la Kibiti, na kutoka hapo mtu wa boti atakufikishia Kiongoroni. Dada Mwajuma atakusomea. Dada, shikamoo. Nakuomba usome kama nilivyoandika. Ukifika pabaya usiruke, usijikohoze, wala usimwambie mama "hapa anasalimia tu." Nakujua.

Mama, nilichokifanya unakijua. Delta yote inakijua, na naambiwa hata Ikwiriri sokoni kinasimuliwa. Ila hujanisikia mimi mwenyewe nikikisema, na mwana kusemewa na watu mbele ya mama yake ni aibu juu ya aibu. Acha nianze na Bi Mwanya, maana nikianza na mimi nitaanza kujitetea.

Mimi nilimjua kabla nchi haijamjua. Tulipokuwa tukienda kwa babu, kule Nyamwage, wewe na mimi na dada, basi likisimama tu yeye alikuwa wa kwanza kufika dirishani na sinia lake la korosho kichwani. Hakusema "korosho, korosho" kama wenzake. Alimchagua mtu mmoja ndani ya basi akamwanza. Nakumbuka yule bwana wa tai: "Wewe baba, hiyo tai umeivaa au imekukamata? Nunua korosho upate nguvu ya kujinasua!" Basi zima likaangua kicheko, na yule bwana akanunua, na waliocheka nao wakanunua kwa kuogopa kufuatwa wao. Akacheka na yeye, ule mwanya wake mpana ukaonekana, mtu angeweza kupitisha korosho bila kufungua mdomo. Hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe, si mimi.

Baadaye vijana wakaja na simu zao wakamrekodi, na Bi Mwanya akawa wa Tanzania nzima. Alialikwa Dar akakaa kwenye viti vya ngozi akawasema waheshimiwa usoni, nao wakapiga makofi. Lakini kila msimu wa korosho alirudi Nyamwage na sinia lake. Na kwetu sisi alibaki kuwa mtani. Ukoo wao na ukoo wetu watani tangu mababu. Akikuta unakula anachukua nyama, akikuta umevaa kipya anakivua, na kununa ni haramu.

Kwenye harusi ya dada aliletwa Kiongoroni kwa boti, akatapika njia nzima. Aliposhushwa matopeni, macho yamemtoka, mshipi wa kanga umelegea, jambo la kwanza alilowaambia wakwe ni: "Mahari yenu nimeyalisha samaki. Nioeni mimi, huyu msichana arudi kwao." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sijawahi kukuona ukicheka vile kabla, na wala baada ya hapo. Mimi nilikuwa mwembamba mwenye haya, baba alikuwa ameshatutoka, na nilimwangalia yule mwanamke nikasema moyoni, mtu huyu anaweza kumfanya mama yangu akasahau. Tangu siku ile nilimpenda kama watu wanavyopenda mvua.

Nilipokuja huku kujifunza kunenepesha kaa, nilipitia Nyamwage kumuaga babu. Bi Mwanya akanikuta stendi. Akaniangalia kuanzia viatu, akasema: "Nenda. Na ukifa huko usiwe na wasiwasi, nitakulia mimi. Mama yako hajui kulia, anakwenda na kwikwi, anaharibu msiba." Nikamjibu kama mtani anavyomjibu mtani: "Na wewe ukifa, nitawahi mimi wa kwanza. Wenzangu watakuta nimeshakusema nimemaliza." Akanipa kiganja cha korosho. Akasema, "Tumeandikiana."

Basi, mama, mkataba ndio huo. Ulikuwa mzaha, lakini unajua mzaha wa watani unavyoshika.

Sasa sikia. Asubuhi moja nilikuwa bandani, nachambua kaa, simu ikalia kwenye kundi letu la wana wa Kiongoroni. Mtu ameandika: Innalillahi wainna ilayhi rajiun, Bi Mwanya wa Nyamwage hatunaye. Mtu mwingine yeyote angeuliza: nani amesema, lini, yuko wapi? Mimi nikafikiria jambo moja tu, kwamba niwahi. Mtani halii msibani. Mtani anafika kabla machozi hayajakauka, anavaa nguo ya marehemu, anajilaza kwenye jeneza, anadai chai, anauvuruga msiba mpaka wafiwa wapumue. Na anayefika wa kwanza ndiye mwenye msiba. Nikajisemea, mimi niliye mbali kuliko wote, leo kwa simu hii nitakuwa wa kwanza.

Nilichukua boksi jeupe la kusafirishia kaa, lile refu. Nikajilaza humo na mabuti yangu ya mpira, nikajifunga taulo jeupe kama sanda, nikapaka masizi jino moja la mbele ili nionekane nina mwanya. Mwenzangu akashika simu. Nikaanza: "Alhamdulillahi, leo abiria wa Lindi watapita Nyamwage salama! Malaika mjiandae, huyu atawauzia korosho mbichi na kuwaambia mabawa yenu ya mtumba!" Nikaendelea hivyo. Nilisema na mengine ya mwili wake na ya ndoa zake, ambayo mbele ya jeneza ni dawa na nje ya jeneza ni matusi. Nikatuma.

Mama, walivyocheka! Watani wengine wakaandika, "Saidi umetuwahi, tumesalimu amri." Mtu akaipeleka kundi la Kibiti, wa Kibiti akaipeleka Dar. Nikatembea pale bandani kifua mbele. Nikaona hata yeye huko aliko amefurahi, ahadi imetimizwa.

Adhuhuri ikaja sauti ya dada Mwajuma, na hakuanza hata na salamu. "Saidi, nani kakwambia Bi Mwanya amekufa? Yuko hai. Yuko hospitali. Na hiyo video yako wameshamwonyesha."

Kumbe mtu wa Nyamwage aliliona gari la wagonjwa limembeba linavuka daraja la Ndundu kuelekea Kibiti, akamaliza habari mwenyewe. Aliyebeba uvumi ni yeye, lakini aliyeuvalisha sanda ni mimi. Kala wa chuya kwa uvivu wa kuchagua. Kwa mpunga husemwa hivyo kwa kucheka, kwa mtu haichekeshi. Mwanamke yuko kitandani, anatafuta pumzi, na mbele ya macho yake yuko mwanao, mtoto wa Bi Salma, kalala kwenye boksi la kaa anamshukuru Mungu kwa kifo chake.

Nilifuta. Nilichofuta ni changu tu, vya watu viliendelea kutembea. Nilitaka kumpigia binti yake, Tatu, nikashika simu nikaiweka, nikaishika nikaiweka. Ningeanza na neno gani? Kesho yake, kutoka kwenye namba ya Tatu ikaja sauti. Si maandishi, sauti, na Tatu akaandika chini yake: "Mama anakujibu."

Sikuifungua.

Niliogopa, mama. Niliogopa kumsikia akilia. Niliogopa zaidi kumsikia akisema "nimekusamehe, mwanangu" kwa ile sauti ya wagonjwa, maana Bi Mwanya akisema kwa upole ujue kweli amevunjika. Nikasema nitaifungua jioni. Nikasema nitaifungua Ijumaa. Kabla sijaifungua, taarifa ikaja tena, na safari hii wewe mwenyewe ndiye uliyempa simu dada aniambie: Bi Mwanya amefariki, mmemzika Nyamwage, na wewe umekwenda na mguu wako huo huo mbovu.

Kule kundini wakaandika, "Mtani, uko wapi?" Wengine kwa mzaha, wengine si kwa mzaha. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwenye msiba ambao haukuwepo, kwenye msiba wenyewe sikufika.

Nikalia. Si kwa haya za mtu mzima. Nililia nimesimama ndani ya bwawa, tope mpaka magotini, kaa wananiuma mabuti, na wenzangu wakaacha kazi wakaniangalia. Na katikati ya kulia nikaona aibu nyingine tena: kwamba huyu si mama yangu, si shangazi yangu, ni mwanamke aliyekuwa akiuza korosho na kunichekesha. Watu wananiuliza nimefiwa na nani, na mimi sina jina la kumwita. Kwa lugha yao nikasema tu, "Mtu anayechekesha." Mmoja akasema aa, akarudi kazini.

Aliyekuja ni Yai. Nimeshakutajia, ndiye bibi mwenye mabwawa haya. Yai ndiyo bibi kwa lugha yao, na jina lake la kweli sijawahi kulisikia likitumika. Ni Mbudha, mama, wa kweli kweli. Kila asubuhi anasimama barabarani na chungu cha wali kuwapa watawa wao wanaopita pekupeku na nguo za rangi ya embe bivu. Usitishike. Mimi sijainamia sanamu. Tulipokwenda hekaluni kwao nilikaa mlangoni na viatu vyangu mkononi, na Bi Mwanya nimemsomea Yasini mimi mwenyewe, kwa kusitasita kwangu kule kule unakokujua. Lakini mwanamke huyu aliniambia mambo ambayo sitaki nikuibie.

Alinikalisha ukingoni mwa bwawa akanipa chai. Kithai changu ni cha sokoni, kwa hiyo yeye husema nami kwa maneno machache, na labda ndiyo maana yanakaa. Akaniambia kwamba ujanani alimpenda mwimbaji mmoja wa jukwaani. Wanawake kwao walikuwa wakimvalisha mashada ya maua yule bwana akiimba, na yeye aliuza bata wa mama yake apate kununua shada. Siku mwimbaji alipokufa, Yai aliacha kula. Mume anamtazama, watoto wanamtazama, na yeye analia kwa ajili ya mtu ambaye jina la Yai hata hakulijua. "Niliona aibu kama wewe," akasema. "Shada moja alilokuwa amenirudishia nililiweka kabatini. Likawa vumbi. Nikaweka vumbi."

Nikamuuliza alifanyaje. Akasema alikwenda kwa mtawa mzee akitegemea kuambiwa aache. Mtawa hakumwambia aache. Alimwambia: wimbo wake ukikujia kichwani, usiufukuze, na ukiondoka usiuite. Kaa usikilize tu unaanzia wapi na unaishia wapi. "Nikakaa," akasema Yai. "Siku ya kwanza nikalia. Siku nyingine nikalia. Halafu nikaona kwamba kila wimbo unakwisha. Hata alipokuwa hai, kila wimbo ulikwisha, na mimi sikulia, kwa sababu nilidhani mwingine unakuja. Nililia kwa kuwa nilidhani ni wangu."

Hayo ndiyo mafundisho yao, mama, kama nilivyoyaelewa. Kwamba hakuna kinachokaa. Kicheko hakikai, anayechekesha hakai, na anayecheka naye hakai, na maumivu yanatoka kwenye kushika, kama vile kaa: ukimshika hovyo anakushika na yeye, na wewe ndiye unayepiga kelele. Sisi tunasema kila kitu kinarejea kwa Mola wake. Wao wanasema kila kitu kinapita. Mimi sina elimu ya kuwasuluhisha. Ila nilijaribu. Nikiwa nafunga magando, Bi Mwanya akinijia na ile tai ya yule bwana, namwacha aseme mpaka mwisho, nacheka peke yangu, kisha kunakuwa kimya. Kimya kile mwanzo kilinichoma. Sasa hakichomi kila mara.

Lakini aibu haikupita. Huzuni ilikuja na kuondoka kama maji ya bwawani, aibu ikakaa pale pale. Nikamwambia Yai habari ya boksi, yote, na ile sauti ambayo sijaifungua. Nilitegemea atanihurumia. Mama, watu hawa ni wapole lakini hawana huruma ya kijinga. Aliniuliza, "Unamlilia yeye?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hapana. Yeye alikufa, na wewe umemsogeza pembeni ukalala wewe. Ulijilaza kwenye boksi kwa mzaha, na sasa umelala humo kweli, unataka watu wapite wakuangalie ulivyo mbaya. Toka. Boksi la mwenzio hilo."

Ala! Niliudhika. Nilikwenda nikapanga matenga kwa kishindo ili asikie. Lakini kadiri nilivyokasirika niliona amenishika gando. Maana kila nilipomkumbuka Bi Mwanya hospitalini, niliyekuwa nikimwona ni mimi: nitasemwaje, nitaonekanaje, nitapita vipi Nyamwage. Yeye, pumzi yake, kiu yake, alikuwa akikohoa nini usiku na nani alimgeuza, sikuwahi kujiuliza hata mara moja.

Basi nikanawa tope, nikakaa pale pale ukingoni, mchana kweupe, Yai akimenya vitunguu karibu yangu. Nikaifungua ile sauti.

Dada, hapa soma polepole.

Kwanza ni Tatu anasema, "Haya mama, sema, imeanza." Kikohozi. Kikohozi tena. Halafu, mama, Bi Mwanya akapiga ukunga. Ukunga wa msiba, ule wa kweli, dhaifu lakini umenyooka:

"Oooi! Oooi jamani, njooni! Saidi amekufa! Amekufa mtani wangu huko ughaibuni, kafia ndani ya boksi la kaa, na kajilaza mwenyewe! Oooi! Alikuwa kijana mzuri, mabuti yake makubwa, akili zake za kuazima. Alikuwa mtu wa ahadi, jamani! 'Baada ya msimu huu, mama, baada ya msimu huu.' Misimu imepita, kaa wamezaa, watoto wa kaa wamezaa, na yeye yuko kwenye boksi anangoja msimu! Angekuwa hai angekuja. Mtu mzima mwenye miguu miwili haachi kuja kwao. Basi amekufa, tukubali. Ameacha mama mmoja, Kiongoroni, mguu umevimba, kila boti ikilia anatoka mlangoni. Huyo mama hajui kulia, ndiyo maana nimekuja kumsaidia. Lakini msimzike! Msimzike bado jamani, mama yake hajamwona uso!"

Hapo akakosa pumzi. Mtu anasikika akiburuta kiti. Kisha kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuhesabu chenji, akasema, "Imeingia?" Tatu akasema, "Imeingia, mama." Akasema, "Basi nipe maji."

Ikaishia hapo.

Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa kazini. Mwanamke anakufa, kaona utani wa mtani wake, akaupima, akaona una kasoro moja, kwamba aliyelala kwenye boksi siye; akaurekebisha, akaurudisha. Aliniambia angenilia mimi nikifa huku, na ahadi yake kaitimiza akiwa na pumzi chache, wakati mimi nilikuwa nimeiacha sauti yake imefungwa kama kaa kwenye tenga.

Mama, mimi nilikuwa nimebeba aibu siku zote hizo, nimeibeba vizuri, nimeikumbatia, kumbe haikuwa yangu. Ya kumwanza mtani kabla ya wakati imeshalipwa kwa utani, hainunwi. Yangu ilikuwa nyingine, na ilikuwa imesimama mlangoni kwako miaka yote. Nilikuwa nikikuambia msimu huu kaa wamekufa, msimu huu bei imeshuka, na kweli wakati mwingine ilikuwa kweli. Lakini sababu ya msingi unaijua, nilitaka nirudi na cha kuonyesha. Nilitaka nishuke botini watu waone matofali na mabati yanashuka nyuma yangu. Nikiwa na begi moja na mikono iliyochanwa na magando, nilisema bado. Nilishika picha ya kurudi kwangu mpaka nikashindwa kurudi. Yai angesema ni vumbi la shada. Bi Mwanya alisema kwa kifupi zaidi.

Sikujua kwamba unatoka mlangoni kila boti ikilia. Hukuwahi kuniambia. Dada, nawe pia hukuniambia, na hapa ndipo ungetaka kujikohoza, nasema tena usifanye hivyo.

Nilimweleza Yai ile sauti inasemaje. Nilipofika kwenye "nipe maji" aliinuka, akaniletea maji kwenye bilauri, sijui kwa nini, labda hakuelewa vizuri. Niliyanywa. Nikamwambia nataka kwenda kwetu sasa, kabla kaa hawajafika uzito, na sina kitu mkononi. Akasema, "Kaa watakuwepo. Wakiwa hawapo, hawapo."

Kwa hiyo swali lako, mama, ndilo hili nalijibu. Nakuja nyuma ya barua hii. Sina mabati. Nina begi moja na shuka mbili za huku ulizokuwa ukizitaka. Nitashukia Nyamwage kwanza, nikamwone Tatu, nimwombe kanga moja ya marehemu na lile sinia la korosho. Nitaivaa ile kanga nisimame pale stendi, na basi la Lindi likisimama nitamtafuta mtu mmoja dirishani nimwanze. Nikifeli watanicheka, nikiweza watacheka, yote ni haki yake. Halafu nitakwenda kaburini kwake nimdai chai. Machozi nimeshayamaliza bwawani. Pale mtani halii. Baada ya hapo nitavuka daraja nije kupanda boti.

Nisalimie mjomba Bakari, mkubwa wetu, umwambie hicho kikohozi nimekifahamu, na sigara namletea moja tu. Msalimie shangazi aliyetulea mimi na dada ulipokuwa mgonjwa, mwambie bado nakunja mkeka alivyonifundisha. Msalimie shemeji yangu mume wa dada, na umwambie Bi Mwanya alisema mahari yake yalikwenda kwa samaki, kwa hiyo bado anadaiwa mahari. Majirani wote wanaotengeneza uso wakitaja jina langu, nao wasalimie kwa uso huo huo.

Na wewe mama, ukisikia boti inalia, kaa ndani, upumzishe mguu, nitapiga hodi mwenyewe. Ukiona machozi yanakuja, yazuie. Hujui kulia, unakwenda na kwikwi, ameshasema mwenye fani yake. Tandika kitanda changu tu, uwaambie watu wa Kiongoroni wasichimbe kaburi.

Marehemu anakuja kuonyesha uso.

Mwanao,
Saidi